Mkono Uliobaki kwenye Kadi

Jumapili, 1 Desemba

Bata mzinga wa Sikukuu ya Shukrani ameisha hadi mifupa, kwa hiyo sina kisingizio tena. Kadi za Krismasi lazima zianze. Nimetandaza vitu vyangu mezani kama kila mwaka – karatasi ngumu za kijani, mihuri ya mpira, wembe, rula ya chuma, gundi. Signe ananisaidia kupiga mihuri ya theluji tangu ana miaka mitatu. Leo kakaa kwenye kochi na paka.

Nikamwambia tutoke tukapige picha ya mwaka huu, theluji imekaa vizuri uani. Akasema picha ya kadi ni ya watu watatu. Nikamwambia mwaka huu tuko wawili. Basi tumsubiri Baba, akasema, na akaendelea kumkuna paka.

Ana miaka minane. Anajua Curt alihama mwezi wa nane. Anajua anaishi kwa Denise, ng'ambo ya mto, na yeye mwenyewe hulala huko wikendi moja kila baada ya wiki mbili. Ana mswaki huko. Bado anasema tumsubiri.

Sikubishana naye. Lakini kadi bila picha siwezi. Ukoo mzima wa Curt unanijua kwa kadi – wengine hununua dukani, Marnie hutengeneza. Nikiacha mwaka huu watasema nimeanguka.

Jumatano, 4 Desemba

Nimepata dawa. Ile picha ya Julai, gatini kwa mama mkwe. Mimi kushoto nimeshika kofia kwa mikono miwili, upepo ulikuwa mkali. Signe katikati, anacheka, pengo la jino linaonekana. Curt kulia. Nimemkata kwenye kompyuta, mstari ulionyooka, pembeni kabisa mwa sikio la Signe. Haikuchukua hata muda wa kuchemsha kahawa. Miaka kumi na mmoja ya ndoa!

Nilidhani nitalia. Sikulia. Nilienda kuzichukua duka la dawa wanakochapa picha, yule msichana wa kaunta akasema, mko wazuri. Nikasema asante.

Jumamosi, 7 Desemba

Zimekwisha, zimeenda posta. Kila moja nimeibandika picha kwa mkono wangu, nimeizungushia theluji ya kumetameta kwa kijiti cha meno. Nadhani ni nzuri kuliko za mwaka jana. Chini nimeandika «Marnie na Signe». Jina la ukoo nimeliacha, sikujua niandike lipi.

Jumatano, 11 Desemba

Arlys kapiga simu. Mama mkwe hapigi simu mchana, anaona ni ubadhirifu, kwa hiyo nikajua kuna msiba.

«Marnie, kadi imefika,» akasema. «Nzuri. Sasa niambie mwanangu, ule mkono ni wa nani?»

Mkono gani?

«Huo ulio begani kwa mtoto. Wewe yako miwili iko kwenye kofia.»

Nikaenda kwenye friji nilikobandika moja, nikaitazama. Mungu wangu. Mkono wa Curt. Vidole vinne begani kwa Signe, upande wangu, na kile cha kati kina ukucha mweusi, alijigonga wiki ile akifunga boti. Na pete. Alikuwa amepitisha mkono nyuma ya shingo ya mtoto. Mimi nimemkata mwili mzima, nikauacha mkono.

Nilizibandika zote kwa hizi mikono. Kila moja imepita mbele ya macho yangu. Sikuuona. Huo mkono umekaa kwenye bega hilo tangu bega lenyewe lilipokuwa la kitoto kichanga. Nadhani kwangu ulikuwa sehemu ya mtoto.

«Usijali,» Arlys akasema. «Wengine watadhani ni mzimu. Familia yetu imewahi kuwa na mambo mabaya zaidi.» Kisha nikamsikia anavuta kamasi. Curt ni mwanawe, lakini tangu aondoke hajamsifu mbele yangu hata mara moja. Namshukuru kwa hilo.

Dada yangu Roxanne naye kapiga. Kacheka mpaka kalia. Mimi nimeruka kwenye kucheka, nimeenda moja kwa moja kwenye kulia.

Alhamisi, 12 Desemba

Signe kaiona. Nilisahau kuitoa kwenye friji.

Kasimama pale na begi lake mgongoni, buti zinamwaga maji, muda mrefu. Kisha akaniuliza polepole, kama mtu anayeogopa kumwaga kitu: «Mama. Umeuacha mkono makusudi?»

Uso wake. Tangu mwezi wa nane sijauona uso huo.

Nikasema ndiyo. Makusudi.

Akachukua kadi, akaenda nayo chumbani, akaibandika ukutani kando ya mto. Jioni alikula sahani nzima. Aliimba akioga.

Jumatano, 25 Desemba

Kwa Arlys. Alitengeneza mikate yake ya viazi, tukaipaka siagi na sukari tukaikunja, kama kila mwaka. Curt atamchukua mtoto kesho. Signe kahesabu viti mezani, akaacha kimoja kando yangu, akakiwekea sahani. Hakuna aliyemwambia aitoe. Arlys alinitazama. Nikatazama viazi.

Nitamwambia ukweli baada ya sikukuu.

Jumatatu, 13 Januari

Sijamwambia.

Curt kapiga simu kazini kwangu. Hakupaza sauti, Curt hajui kupaza sauti, ndiyo kasoro yake na ndiyo raha yake. «Marnie, umemwambia nini mtoto?»

Nikauliza kwani vipi.

«Amemwambia Denise asikizoee kile kiti cha dirishani. Ati Mama amemwachia Baba nafasi, ipo hadi kwenye kadi. Denise ameinuka mezani.»

Kuna sehemu yangu mbaya iliyofurahi Denise alipoinuka mezani. Naandika hapa kwa sababu hakuna pengine pa kuandika.

Kisha akaniambia lingine. Wanaoana mwezi wa tano. Alitaka nisikie kutoka kwake. Watamwambia Signe Ijumaa ya Valentaini, wikendi hiyo ni zamu yao, watamchukua shuleni wakale piza wamwambie pamoja.

«Siku ya Valentaini, Curt?»

Akasema hawakuangalia tarehe, ni Ijumaa tu. Naamini. Miaka yote hiyo hakuwahi kuangalia tarehe.

«Lakini umwondolee hilo la kadi kwanza,» akasema. «Akija na hilo kichwani, sisi ndio tutakaomvunja moyo. Tafadhali.»

Nikamwambia nitafanya. Nilikuwa nimeshika simu kwa nguvu hadi sikio likauma.

Jumapili, 2 Februari

Signe karudi leo kutoka kwa baba yake, na wazo. Barua ya mwalimu Kowalke imekuja, ile ya kila mwaka: anayeleta kadi za Valentaini alete za darasa zima, asiachwe mtu. Majina yote chini. Wenzake wananunua zile za pakiti zenye pipi. Sisi hatujawahi kununua.

«Nimeshabuni,» akasema. Akatoa kwenye begi kipande cha boksi la nafaka. Mkono umechorwa, umekatwa. Mkubwa. Kidole cha mwisho kimepinda kidogo kwa nje.

Sikuhitaji kuuliza. Kidole hicho kilivunjika kwenye hoki kabla sijamjua Curt.

Anataka kila kadi iwe mkono mwekundu, vidole vinakunjwa, ndani kuna moyo mdogo wa pinki. Unafungua vidole, unaukuta moyo, umeandikwa jina lako.

Nikamwambia mkono huu mkubwa mno kwa bahasha, tuchore wa kwako. Akanitazama kwa huruma, kama mwalimu. «Mama, mdogo hauwezi kushika. Wewe si unaujua huu mkono? Ndiyo maana ulituachia.»

Ningemwambia papo hapo. Mdomo ulikuwa wazi kabisa. Nikasema lete karatasi nyekundu.

Jumamosi, 8 Februari

Tumekata siku nzima. Nje baridi ya kupasua midomo, Curt bila shaka yuko kwenye kibanda chake cha kuvulia samaki juu ya barafu na ndoano zake, na mimi niko hapa namkata mkono. Tena. Na tena. Mwezi wa kumi na mbili nilipaswa kuukata mmoja nikashindwa kuuona, sasa nakata wa darasa zima, kidole kwa kidole, kile kilichopinda nakizungusha polepole kwa ncha ya mkasi. Najua mahali pa kila kifundo. Namchukia. Nimemkumbuka sana leo, nimetoka nje nikajifanya nazoa theluji.

Signe anaandika majina. Kafika kwa Everett Zastrow anayemfinya kwenye foleni, kalamu ikasimama.

«Huyu lazima?»

Lazima, nikasema, mwalimu kasema asiachwe mtu.

Akaandika, herufi ndogo kuliko za wengine. Kisha za familia – Bibi Arlys, Mama Mdogo Roxanne, Baba, mimi. Yangu akaificha kwa kiwiko nisiione.

«Na Denise?» nikauliza. Sijui kwa nini niliuliza.

«Yeye hayumo,» akasema. Akafunga kalamu.

Jumatano, 12 Februari

Nilipanga jana. Jana alikuwa na homa kidogo. Nilipanga leo asubuhi, basi la shule likawahi. Mwoga mkubwa mimi.

Arlys kapita na biskuti za darasa. Nikamweleza yote jikoni, kwa sauti ya chini, na ndoa ya mwezi wa tano, ingawa aliijua. Alivaa koti lake taratibu, vifungo vyote, ndipo akasema: «Marnie, mimi nilimwambia Curt kwamba baba yake yuko hospitali anapumzika, na nilijua hatarudi. Alikuwa na umri wa Signe. Alimkatia babake tiketi ya mechi kwa hela zake.» Akachukua glavu zake. «Mwambie kesho, mwanangu. Usimwache akanunue tiketi.»

Alhamisi, 13 Februari

Nimemwambia.

Baada ya chakula, mezani, kadi zote zimepangwa kwenye boksi la viatu alilolifunika karatasi ya fedha. Nikaleta ile picha nzima ya Julai, nikaiweka mbele yake. Nikamwonyesha nilivyoikata. Nikasema mkono haukubaki makusudi. Ulibaki kwa sababu sikuuona. Ulipouliza nilikudanganya, kwa sababu ulifurahi, na mimi nilitaka uendelee kufurahi. Baba harudi kuishi hapa. Hili la mwisho nililisema mara mbili, mara ya kwanza sauti haikutoka.

Nilingoja alie. Nilikuwa nimeweka kitambaa tayari. Alitazama picha tu, akapitisha kidole kwenye mkono, kuanzia begani kwake, nyuma ya shingo, hadi kwa Curt mwenyewe.

«Kwa hiyo Denise yumo,» akasema.

Nikasema ndiyo. Yumo.

Akashuka kitini, akaenda kwenye droo ya karatasi, akachukua nyekundu. Akauliza Denise inaandikwaje. Nikamtajia herufi moja moja. Alikata mwenyewe, hakutaka nishike mkasi. Nilitaka kumkumbatia, lakini alikuwa amekaa wima kama mtu wa ofisini, nikaogopa.

Alipomaliza alichukua mkasi akaenda nao chumbani. Nikauliza wa nini. «Kuna kitu cha kumalizia,» akasema, na mlango ukafungwa, si kwa kishindo.

Ijumaa, 14 Februari

Asubuhi kapanda basi na boksi lake la fedha. Hakuniaga dirishani, lakini mikono ilikuwa imejaa.

Sikwenda kwenye sherehe ya darasa. Nilituma biskuti. Curt na Denise walikuwa wanamchukua pale pale, nisingeweza kusimama nao pale ukutani nikila keki.

Nimerudi kutoka kazini, nikaingia chumbani kwake kutandika. Ukutani kuna alama ya gundi tu. Kadi iko chumbani kwangu, juu ya mto wangu, si wake, wangu, ndani ya ile Valentaini yangu. Nimevifungua vidole vyekundu, na badala ya moyo wa pinki nimeikuta kadi ya Krismasi imekunjwa. Kaukata mkono wa Curt. Kaukata vizuri kuliko mimi, kafuata kila kidole, hata ukucha mweusi. Begani kwa mtoto pana tundu. Unaona mpaka upande wa pili.

Nilikuwa nimekaa nayo kitandani simu ilipoita. Namba ya Curt, sauti ya Signe. Nyuma kuna kelele za piza, watu, sahani.

«Wameniambia,» akasema.

Nikamuuliza kama yuko salama. Akasema piza ina uyoga.

Kisha akasogea mahali pa kimya, nadhani chooni, sauti ikaanza kuwa na mwangwi. «Mama. Mkono ninao hapa mfukoni. Sijauharibu hata kidole. Nimrudishie Baba, au nikae nao?»

Nikasema nipe muda kidogo, nakupigia. Akasema haya, lakini usichelewe, wanakula.

Nimeiweka kadi kwenye kiganja changu, na lile tundu la begani limejaa ngozi yangu. Ukitazama haraka unaweza kudhani kuna mtu amemshika. Nikiondoa kiganja, ni tundu tena. Simu iko hapa, juu ya goti. Anasubiri.