Maelezo Kuhusu Ripoti ya Bw. Kiragu na Kuanguka kwa Mkewe

KITUO CHA POLISI, MUTHANGARI
Tarehe 15 Oktoba 2025, saa nne asubuhi

Jina: Stellah Nthenya Kitavi
Umri: Miaka 31
Kazi: Fundi wa maabara, kliniki ya uzazi
Makazi: Satellite, Riruta

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Kliniki yetu hupima mbegu za kiume kwa kompyuta iliyofunzwa kwa maelfu ya picha. Inatazama kupitia kamera ya hadubini, inahesabu, kisha inaandika ripoti. Kazi yangu ni kuhakikisha kwa macho kabla ya kuidhinisha.

Mnamo tarehe 14 Oktoba, Jumanne, saa mbili na dakika arobaini asubuhi, Bw. Kiragu wa Mountain View alileta sampuli. Aliniambia mkewe, Waringa, ameshika mimba baada ya miaka sita ya ndoa, na kwamba mkewe alimwambia hakuna haja tena ya kuja kupimwa. "Lakini siku nilishapewa, madam. Wacha tu nimalize." Alikuwa akitabasamu.

Saa tatu na nusu kompyuta iliandika sufuri. Asubuhi hiyo nilikuwa na sampuli kumi na moja. Sikuangalia. Niliidhinisha, nikampa karatasi.

Aliisoma mara mbili. "Hakuna hata moja?" Nilimwambia amngoje daktari. Hakungoja.

Saa tano, sampuli ya nne mfululizo ilitoka sufuri. Nikaikagua mashine. Kamera ilikuwa imebadilishwa Jumatatu jioni, na kompyuta haikuzitambua picha zake. Nilichukua sampuli ya Kiragu iliyobaki, nikaitazama mwenyewe. Mbegu zilikuwa nyingi, na zilikuwa zinaogelea.

Nilimweleza mkubwa wangu, Dkt. Njuguna. Akasema, "Usipigie mtu. Kesho tutatoa ripoti ingine." Nilikaa na amri hiyo karibu dakika hamsini. Hilo nalo naomba liandikwe.

Saa sita kasoro dakika tano nilimpigia Kiragu. Simu ilikuwa imezimwa. Nikapiga namba ya mkewe iliyokuwa kwenye fomu. Alishika akilia. "Sista, ongea na yeye. Nimekuweka kwa spika."

Nikasema, "Bwana Kiragu, hiyo ripoti ni makosa yetu. Mbegu zako nimeziona kwa macho yangu."

Akajibu, "Amekutuma, sindio?"

Waringa akasema, "Kiragu, wachilia mkono yangu." Kisha nikasikia kishindo. Nilichukua anwani yao kwenye fomu, nikatoka.

Nilifika kwao kwa pikipiki saa sita na dakika ishirini na tano. Waringa alikuwa amelala chini ya ngazi, jirani aitwaye Cate amemshika kichwa. Kiragu alikuwa amepiga magoti kando yao, karatasi yetu mkononi. Sikuona kama alimsukuma au kama aliteleza. Mimi na Cate tulimpeleka hospitali. Leo saa moja asubuhi nesi ameniambia mapigo ya mtoto yanasikika, lakini damu haijakoma.

Nikiwa nangoja kuitwa hapa kituoni, Kiragu alipitishwa akiwa na pingu. Alisimama mbele yangu.

"Madam, uliziona kweli?"

Nikasema ndiyo. Akaniuliza Waringa yuko hospitali gani, askari akamvuta mbele.

Niliyoyaona, niliyoyasikia na niliyoyafanya ni hayo, na nayathibitisha kuwa kweli.

Sahihi: S. N. Kitavi

Afisa: Nimemsomea shahidi maelezo haya, akayakubali. Nilimwonya kwamba sehemu ya kuidhinisha ripoti inaweza kutumika dhidi yake. Akasema ibaki.
Konst. B. Mbaluka