Kata Kushoto Kwenye Rundo la Viazi

Lanet, Nakuru
14 Januari 2024

Kwako Mitchelle, mtoto wa dada yangu,

Pokea salamu nzito kama mvua ya Molo. Habari ya huko Kanada? Hiyo baridi haijakukunja? Sisi huku ni wazima. Mama yako amenenepa tangu uende, sijui ni furaha au ni chapati. Mimi usiniulize. Mimi nikiugua, hata daktari hushangaa ni ugonjwa gani umethubutu.

Sasa, ile kazi uliyoniachia. Hiyo tovuti yako ya Njia za Bonde nimeishika kwa mikono miwili. Najua uliwaambia wenzako wa kujitolea kwamba Anko atawasaidia kuandika njia za matembezi "kidogo". Kidogo! Mtu aliyetembea kutoka Nakuru mpaka Eldama Ravine kwa miguu akifuata kuku mmoja?

Wiki iliyopita nimepanda Menengai, nikatembea ukingoni mwa lile shimo, nikaandika kila kitu. Nimewaeleza wasomaji kwamba siku ikiwa safi unaona mpaka Ziwa Victoria, na ukikaza macho unaona mtu wa Kisumu akigeuza samaki kwa kikaango. Nimemweka na yule nyati niliyekutana naye. Nilikohoa mara moja tu, akanipisha.

Ulisema niandike kushoto, kulia, maji yako wapi, lango ni la nani. Nimeandika. Lakini chakula bila chumvi atakula nani?

Anko wako,
Khisa


Halifax
3 Februari 2024

Anko mpendwa,

Nimefurahi kusikia mko salama. Mwambie mama asipunguze chapati. Mimi pia ni mzima. Theluji imelifunika gari la jirani mpaka limekuwa kama kondoo aliyelala. Wazee ninaowatunza kazini huniuliza kwetu kukoje, nami hufungua tovuti yetu nikawaonyesha picha. Kuna mmoja anaitwa bibi Ruth, huweka kidole juu ya njia kwenye ramani akaifuata polepole mpaka asinzie.

Anko, usikasirike. Nimemfuta nyati. Nimefuta na Kisumu.

Kuna msichana mahali fulani, Njoro au Gilgil, simjui na hatanijua. Asubuhi atasoma maneno yako, atavaa viatu, atatoka. Hana mwingine wa kumuuliza. Kila anapokanyaga, anakanyaga juu ya maneno yako. Ndiyo maana nataka yawe magumu kama mawe ya kuvukia mto. Kushoto, kulia, maji, lango. Basi.

Hayo mengine niandikie mimi. Huku nayahitaji.

Mpwa wako,
Mitchelle


Molo
21 Julai 2024

Kwako Mitchelle,

Hujambo, mtoto wa dada? Hiyo theluji ilienda? Mimi ni mzima, goti tu ndilo linanikumbusha kwamba lipo. Nimenyamaza tangu Februari kwa sababu nilikasirika, na mtu wa kimo changu hakasiriki haraka. Hasira yangu hupanda polepole kama lori la mbao. Sasa imeshuka upande wa pili.

Nimekuletea njia mpya. Inaanzia juu ya Molo, inapita mashambani, inashika mgongo wa mlima kuelekea Keringet, halafu inateremka mpaka mtoni. Nimeitembea mwenyewe. Na hapa sitii chumvi: asubuhi ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba kama maziwa kwenye bakuli. Niliona kichwa cha ng'ombe bila ng'ombe. Nilisikia watu wakichimba viazi, wakicheka, jembe likigonga jiwe, na mtu simwoni. Nikausalimia ukungu. Ukungu ukaniitikia, "Salama, mzee, songa tu." Nikasonga. Nilikuwa kama mtu anayetembea ndani ya usingizi wa mtu mwingine.

Maelekezo nimeyaandika vile unavyotaka, hakuna nyati, hakuna hata sungura: "Fuata barabara ya udongo mpaka kwenye rundo la viazi lililofunikwa kwa nyasi. Kata kushoto. Teremka mpaka mtoni." Hilo rundo ni kubwa kama nyumba, hata mtoto hawezi kulikosa. Iweke kwa tovuti leo leo.

Anko wako,
Khisa


Halifax
18 Agosti 2024

Anko mpendwa,

Goti lako linaendeleaje? Mimi nina mafua kidogo, lakini nimecheka mpaka yakasahau kunisumbua. Dada wawili wa Nakuru, Natalie na Joan, wametuandikia. Soma mwenyewe:

"Tulifuata barabara mpaka kwenye rundo la viazi, tukakata kushoto kama mlivyosema. Mto hatukuuona. Tuliona lango la miti, na mama amesimama ndani ya ukungu kama aliyekuwa akitungoja. Akatuuliza, 'Mmepotea?' Tukamwambia hapana, tuko kwa njia. Akacheka mpaka akashika lango. Akatupa chai na viazi vya kuchemsha. Tukiwa pale ukungu ukafunguka mara moja, tukaona mabonde yote, moja nyuma ya lingine, mpaka macho yakachoka. Tunawapa nyota tano. Mto tutautafuta siku nyingine."

Baada yao wameandika wengine. Wote wanasifu chai. Hakuna hata mmoja aliyefika mtoni. Anko, viazi si huchukuliwa na lori? Tafadhali, rudi uangalie.

Mpwa wako,
Mitchelle


Molo
1 Septemba 2024

Kwako Mitchelle mwenye mafua,

Pole. Kunywa tangawizi, na kama huko hakuna, waambie wapande.

Nimeenda. Rundo langu lilikuwa pale njia panda ya kanisa, lile la bati la bluu lenye kengele ya ringi ya gari, na lori liliondoka nalo siku iliyofuata. Halafu mtu mwingine akavuna, akaweka lake juu zaidi, penye kinjia cha kwenda kwa boma moja. Wageni wako wakapita kanisa, wakakuta rundo, wakakata kushoto. Kosa ni la lori.

Nami nikakata kushoto, nione. Huyo mama akatokea kwenye ukungu, shuka begani.

"Leo ni mmoja tu?" akaniuliza.

"Mama, mimi sijapotea. Mimi ndiye mwenye njia."

"Mwenye njia! Na hapa unatafuta nini, na njia iko kule kanisani?"

"Nimekuja kukagua."

"Basi kagua ukiwa umekaa. Ni wewe unanitumia hawa watoto wa mjini?"

"Ndiyo mimi. Tuna wasomaji mpaka Uchina."

"Mchina hajafika bado. Akikuja mwambie avae viatu vya maana, sio zile nyeupe."

Anaitwa Chepkurui. Bwana yake, marehemu Bethwel, alimwachia hilo shamba, watoto wako Eldoret na shughuli zao. Alipokuwa akimimina chai akaniambia, "Kabla ya hawa watoto, wiki ilikuwa inaisha na hakuna mtu ameniita kwa jina. Ng'ombe hawajui jina langu. Sasa Jumamosi naweka sufuria kubwa. Sijui nani atatoka kwa ukungu. Lakini najua atatoka."

Mimi nikamsimulia vile nilizima moto wa msitu wa Mau kwa kofia yangu. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniongezea chai, akasema, "Hiyo nimesikia. Sasa lete ya ukweli."

Mitchelle, nilikaa pale na kikombe mkononi. Ukungu ukaingia mpaka mlangoni, ukatazama ndani, ukatoka.

Anko wako,
Khisa


Halifax
15 Septemba 2024

Anko mpendwa,

Mafua yameisha, asante. Leo naandika kwa haraka.

Kijana mmoja, Jonah, alikata kushoto kwenye rundo jingine la viazi, tofauti na lako na lile la kwa Chepkurui. Alitembea ndani ya ukungu mpaka jiwe likateleza chini ya kiatu chake. Akasimama. Alilisikia likianguka baadaye sana, chini kabisa. Yalikuwa machimbo ya zamani ya mawe. Hakuumia. Hata hakulaumu mtu. Aliandika tu, "Labda mngetaja hapo."

Nimebadilisha ukurasa usiku huo huo: "Kata kushoto kwenye kanisa la bati la bluu, lenye kengele ya ringi ya gari." Kanisa halipakiwi kwenye lori. Machimbo pia nimeyataja. Tangu hapo watu wamefika mtoni, wametuma picha za miguu majini.

Mpe mama Chepkurui shukrani zangu. Mwambie amewatunza watu wangu.

Mpwa wako,
Mitchelle


Lanet
10 Novemba 2024

Kwako Mitchelle,

Natumaini u mzima. Mimi nipo.

Ukurasa wako umenyooka sana. Watu wanakata kushoto kanisani, wanateremka mtoni, wanarudi nyumbani. Hakuna anayekosea.

Jumamosi huwa naenda kwa Chepkurui, kukagua. Anaweka ile sufuria kubwa. Tunakaa nje kwa benchi. Siku zingine tunasikia sauti zikipanda kutoka kule kanisani, watu wanacheka, wanaitana, na Chepkurui anainuka kidogo, anashika shuka yake. Halafu sauti zinageuka, zinashuka upande wa mto, zinaisha. Yeye husema, "Labda ukungu ni mzito." Na jua linawaka. Maziwa yanashika utando, anawapelekea ndama.

Jumamosi iliyopita aliweka sufuria ndogo.

Nimekuandikia mambo mengi makubwa katika maisha yangu, na wewe umeyapokea vizuri kwa sababu ulilelewa na dada yangu. Hili si kubwa. Rudisha viazi, Mitchelle. Tafadhali.

Anko wako,
Khisa


Halifax
24 Novemba 2024

Anko mpendwa,

Sijambo. Theluji ya kwanza imeanguka leo, kimya kabisa, kama mtu anayeingia kanisani amechelewa. Barua yako nimeisoma nikiwa nimeketi karibu na bibi Ruth. Nilimtafsiria. Alishika mkono wangu.

Viazi siwezi kuvirudisha. Nikifumba macho namwona Jonah amesimama pale, anasikiliza jiwe. Mtu akipotea kwa sababu yetu akakuta chai, hiyo ni bahati yake. Mimi siwezi kuwatuma watu kwa bahati.

Lakini kama kweli kuna njia ya kufika kwa huyo mama, basi ni njia kama zingine. Itembee tangu kanisani. Muulize mwenyewe kama anataka wageni na anawataka vipi, maana boma ni lake, si letu. Ukinipa neno lake, na maelekezo makavu ambayo mtu anaweza kuyakanyaga kwenye ukungu, nitaiweka mara moja.

Na nikuulize kitu, usinijibu kama hutaki. Kila Jumamosi huwa unakagua nini?

Mpwa wako,
Mitchelle


Keringet
12 Januari 2025

Kwako Mitchelle, mtoto wa dada yangu,

Heri ya mwaka mpya. Mwambie bibi Ruth namsalimu, na huo mkono wako aendelee kuushika. Mama yako yuko salama, alikuja huku Krismasi akanywa mursik, yale maziwa yao ya kugandishwa, sasa anatafuta kibuyu chake.

Asante kwa kuiweka ile njia niliyoitembea tangu kanisani. Nilimsomea Chepkurui kutoka kwa simu, polepole, vile ulivyoiandika: "Kutoka kanisa la bluu endelea moja kwa moja, kanisa likiwa kushoto kwako. Pita tangi la maji. Penye mwerezi uliopigwa na radi, shika kinjia cha kushoto. Machimbo yako mbele ya hapo, upande huo huo wa kushoto, usipitilize. Kinjia kinaishia kwenye lango la miti. Jumamosi pekee."

Akauliza, "Hiyo ni kwangu? Mbona haina sifa hata moja?"

Nikamwambia mpwa wangu amekataza.

"Afadhali. Wakuje wajionee."

Na lile neno lake mwenyewe, ambalo uliliweka mwishoni, akanifanya nilisome tena: "Lango usilifungue. Simama nje, ita, ngoja. Hapa lango hufunguliwa na wenye boma."

Jana ndiyo ilikuwa Jumamosi ya kwanza. Aliweka sufuria kubwa. Ukungu ulikuwa mzito, wa kukatwa kwa panga, na ningekuwa mtu wa kuongeza ningesema niliukata. Tulikaa benchini. Asubuhi hakuna mtu. Jua likajaribu kutoka, likarudi kulala. Hakuna mtu. Sauti hata moja hatukusikia kutoka kanisani. Nilikuwa na hadithi nyingi za kumtoa mawazo, nikazipanga mdomoni, halafu nikaziacha zikae. Tulitazama tu ule weupe. Mara unaona mti, mara hauko. Mara unaona kondoo, mara ni jiwe.

"Khisa," akasema, "wasipokuja?"

"Basi hawajaja."

"Na wewe?"

"Mimi si nimekuja."

Akaenda akaleta vikombe viwili, akamimina, tukanywa. Ilikuwa chai ya kawaida. Sijui nikuelezeeje.

Ndipo tukasikia mtu anaita langoni, sauti ya msichana, imechoka, ina kicheko ndani: "Hodi! Kuna wenyewe?" Nyuma yake sauti zingine, watu wengi, wanapulizia mikono kwa baridi. Nikamgeukia Chepkurui ainuke. Yeye alikuwa ameinama kwa sanduku la vyombo, anatoa vikombe kimoja kimoja, anapangusa kwa shuka yake. Hakuinua kichwa.

"Si uende uwafungulie," akasema.

Nikaenda.

Anko wako,
Khisa