Majani Mabichi kwa Mafundi wa Mtoni

Jumatatu, 6 Mei

Nimewabadilishia mafundi mchanga. Leo kijani — chupa niliyoitwanga mwenyewe. Wiki ya kwanza ilikuwa nyekundu ya tofali, ya pili nyeupe ya sahani. Ni lava, wadudu wachanga wa mtoni; hujijengea nyumba mwilini, punje kwa punje, kwa uzi wanaoutoa mdomoni, wakiongeza upande wa kichwa kadiri wanavyokua. Kila Jumatatu rangi mpya, kila rangi mstari. Beseni la mlangoni lina maji ya mto yaliyochotwa juu ya kiwanda cha ngozi, la pembeni yaliyochotwa chini yake. Thelathini huku, thelathini kule.

Kesho likizo, wiki tatu. Mama kavunjika nyonga. Nimemwachia mama wa usafi pakiti mbili za mchanga, bluu na nyeusi, na neno moja: majani yaliyooza usiyaguse. Ndiyo chakula. Jani bichi kwao ni ubao.

Jumatatu, 27 Mei

Sijawahi kukasirika hivi tangu nizaliwe.

Beseni la mlangoni limejaa majani ya kijani, yanang'aa kama saladi. Hayana hata alama ya jino. Mafundi wamebaki saba. Mmoja nimemkuta kaingiza kichwa katika nyumba ya mwenzake, anamla.

Mama wa usafi kasema Mkuu wa maabara aliyabadilisha mwenyewe, siku moja tu baada ya mimi kuondoka. Wageni walikuwa wanakuja, na beseni linanuka. Mama wa usafi alimwambia nimekataza. Akajibiwa, "Mama, hii ni maabara, si jalala." Na akaendelea, kila baada ya siku mbili, majani mapya kutoka bustanini. Kwa mkono wake! Bwana Nadhifu. Penye miti hapana wajenzi — methali hii kumbe ilikuwa inanisubiri mimi.

La pembeni hakuligusa. Wageni hawafiki huko.

Jumatano, 29 Mei

Nilidhani ataomba radhi. Mjinga mimi.

Ameandika ripoti. Maji ya juu, waliokufa 23. Maji ya chini, 22. Kwa hiyo maji ya kiwanda hayana neno. Nikamwambia wa mlangoni wamekufa njaa. Kasema namba ni namba, na kama kulikuwa na shida ya majani, fundi wa mabeseni ni nani? Anataka sahihi yangu Ijumaa. Bila sahihi yangu ripoti haitoki.

Dada yangu anakaa chini ya kiwanda. Anawaogesha watoto maji hayo hayo. Jioni kanipigia, anauliza vipimo vimesemaje, mdogo katoka tena vipele mgongo mzima. Nikasema bado. Nimemdanganya dada yangu, kisa majani ya bustani.

Alhamisi, 30 Mei

Mama wa usafi aliagizwa azitupe nyumba za waliokufa. "Takataka zile." Hakuzitupa. Kasema zina rangi nzuri, moyo ulikataa. Katoa visanduku viwili vya kiberiti, kila beseni na chake. Nusura nimkumbatie.

Nimeziweka chini ya lenzi. Za mlangoni: nyekundu pana, nyeupe pana, kijani nyembamba kama uzi, basi. Bluu hakuna. Nyeusi hakuna. Waliacha kujenga wiki ile ile ya majani ya Mkuu. Za pembeni: hata nyekundu ni punje tatu nne zilizolegea. Wale maji yaliwashinda tangu mwanzo, ilhali chakula walikuwa nacho.

Ijumaa, 31 Mei

Saa nne. Ripoti iko mezani. Pa kutia sahihi kapawekea alama ya penseli, eti nisipotee. Mkuu kapita mara mbili. Mara ya pili kauliza kama bado nachezea takataka. Kiwanda kinatuma gari saa sita kuchukua nakala yake.

Nimeshika kalamu. Pale penye alama nimeandika: wiki ya tatu, majani mabichi, aliyeyaweka ni Mkuu. Tazama mistari. Kwa hasira, si kwa woga. Labda na woga.

Namsikia koridoni. Anamwambia mama wa usafi alete ufagio, akombe kila kitu mezani kwangu. Mama wa usafi anajibu, taratibu kabisa, kwamba leo mkono unamuuma.

Sasa anakuja. Ufagio kaubeba mwenyewe.