Chati Niliyoigeuza Miguu Juu

Barazani, kwenye cherehani yangu,
Chitakale, Mulanje.
9 Machi

Mpendwa dada Fanesi,

Salamu tele kutoka chini ya mlima wetu. Kile kifua kimepoa, au baridi ya Johannesburg bado inakunyima usingizi? Huku wazima, tunakula, tunanenepa.

Kwanza nikutambie kidogo. Katika ukoo mzima bahati imeniangukia mimi: nina macho ya mwewe. Mafundi wenzangu hapa wanapapasa tundu la sindano kama kuku aliyekosa mlango wa banda. Mimi natunga uzi jua likizama, huku natania wateja. Mungu akikupenda sana hakupi gari, anakupa macho.

Sasa mwanao Tiyamike. Tulia, limekwisha vizuri. Mwalimu wake wa darasa la nane, Kapesi, alikuwa akimwita kichwa boga mbele ya wenzake, eti ananakili upuuzi kutoka ubaoni. Akamkalisha nyuma kabisa. Kisha akaniambia hatamwandikisha mtihani wa mwisho, asimtie shule aibu. Dada, bila mtihani ule sekondari ndiyo basi, na jasho lako la huko limekwenda na maji. Na mtoto wa dada ni wa mjomba: amgusaye yeye kanitia mimi kidole jichoni.

Nikamuuliza, "Mwalimu, amepimwa macho?"

"Fundi wee, shona. Nimewapima wote mwenyewe. Shule yangu haina kipofu!"

Nyumbani nikamhoji Tiyamike alipimwaje. Akanyoosha kidole: juu, kulia, chini, kushoto, bila chati yoyote mbele yake! "Tulifundishwa kwa kuimba, mjomba. Darasa zima." Kumbe ile chati ya herufi E zinazogeuza miguu huku na huku, bwana mkubwa aliwakaririsha kama wimbo kabla ya kupima, ili wilaya imsifu. Nilisaga meno mpaka nikaonja unga.

Sikumtukana. Nilingoja mkutano wa wazazi, chifu kiti cha mbele, na mtaalamu wa macho wa hospitali kaalikwa ashuhudie darasa la Kapesi likisoma chati. Wakati wa sala ya kufungua, wote wamefumba macho, nikanyata nikaigeuza chati miguu juu. Mungu anisamehe, amina yangu ilikuwa kubwa kuliko ya mchungaji.

Kapesi akaipa chati mgongo, akimchekea chifu, akagonga fimbo. Watoto wakaimba kwa vidole: juu! kulia! Chati yenyewe inasema chini, kushoto. "Wapeni maua!" akasema Kapesi, na watoto wakajipigia makofi.

Bibi mmoja akauliza, "Mwalimu, hawa wote vipofu, au ni wewe?"

Chifu alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Mtaalamu hakucheka. Aliwapima upya, mmoja mmoja, chati akiigeuza kila mara. Mwanao hakuona hata herufi ya juu kabisa. Sasa ana miwani, kiti cha mbele, na mtihani atafanya: Kapesi aliliandika jina lake kwa mkono wake mwenyewe, chifu kamsimamia kichwani. Nilifaidi, dada, kama nyama ya Krismasi.

Wala sikuishia hapo. Suruali ya Kapesi ya harusi ilikuwa kwangu. Nikampindia mguu mmoja juu ya kifundo, akacheza harusini kama korongo mwenye mwiba. Wajue, Laston hasahau.

Nisalimie shemeji Dauda na shangazi Nasibeko. Tiyamike anakusalimu, anasema kumbe mlima una miti. Mungu akutangulie kila njia, na adui zako wavae nilichowashonea.

Wako, kaka akupendaye kuliko mkasi wake,
Laston

Tiyamike kaisoma barua hii, anasema wewe nisikudanganye. Haya. Ule mguu wa suruali sikuupinda juu kwa kisasi. Sikuuona. Macho ya mwewe sina. Uzi ananitungia yeye.