Shangazi, Nilimwonyesha Mgeni Nyumba Isiyo Yake

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo huko uliko. Sijui kama maneno haya yanakufikia, lakini leo sina mwingine wa kumwambia. Baba Neema yuko Mwanza kwenye ujenzi, na Neema ana miezi minane. Nikimweleza jambo ananishika pua tu.

Unakumbuka tulivyokuwa tunateremka mtoni Kagera kuchota maji? Kila tulipofika kwenye mahame, makazi yaliyoachwa na wale watu wa kwanza, ulitua ndoo. Misonge yao ilishaoza zamani, yalibaki mashina ya migomba tu, yale yaliyokuwa nyuma ya jiko. Ukapiga hodi. Mimi nikacheka: "Shangazi, unabisha hodi kwa migomba!" Ukanijibu, "Bisha na wewe. Ungefurahi mtu apite kwako kimya kama ng'ombe?" Nikabisha. Ndipo ukaniambia nani alijenga pale, alitoka wapi, alioa kwa nani.

Ulipoondoka ukaja mnyauko. Bwana shamba akasema kila mgomba mgonjwa ung'olewe, ufukiwe. Tuling'oa, Shangazi. Yale mashina uliyokuwa unayasalimia yamekwisha yote, sasa ni nyasi mpaka mtoni. Kilichobaki kimo kichwani mwangu, na kichwa chenyewe unakijua, cha darasa la saba.

Mwezi uliopita bodaboda akaniletea mzee kutoka ng'ambo, amevukia Murongo. Kijijini walimwambia, nenda kwa Mama Neema, ndiye aliyekuwa anatembea na shangazi yake. Mzee akaniona ninanyonyesha, akamgeukia bodaboda: "Nimeomba mtu wa historia, wewe unanileta kwa mzazi!" Nikacheka, nikamwamkia. Kumbe ni mjukuu wa Bitegeko, yule aliyekuwa anavusha watu kwa mtumbwi. Baba yake amezikwa Uganda, na kabla ya kufa aliomba kitu kimoja: udongo wa nyumbani kwa Bitegeko uwekwe juu ya kaburi lake.

Pale kwenye kona ya mto yalikuwa mahame mawili, la juu na la chini, la mvushaji na la mfinyanzi. Siku uliyonieleza mvua ilikuwa inakuja, mimi nimenuna, nataka turudi. Sikusikiliza vizuri. Nikawaza, mvushaji si lazima akae karibu na maji? Nikamwonyesha la chini. Mzee akapiga magoti, akachota udongo kwa mkono, akaufunga kwenye kitambaa. Alilia mpaka na Neema akalia.

Wiki iliyofuata nilikuwa namwogesha mtoto, mara maneno yako yakanijia: "Mvushaji alijenga juu, amwone anayeita ng'ambo. Wa chini ni mfinyanzi, kwenye udongo wake." Jamani! Nimempa mtu nyumba isiyo yake, na udongo ulishawekwa kaburini. Siku tatu sikuthubutu kupiga simu. Ungekuwepo ningekimbilia kwako, ungenigombeza, yangeisha. Sasa nikikosea hakuna wa kunirekebisha. Hapo ndipo ninapokuwa peke yangu kweli.

Jana nikapiga, nikamwambia yote.

"Kwa hiyo baba yangu nimemfunika udongo wa mfinyanzi?"

"Ndiyo, babu. Nisamehe."

"Mzee wangu alipenda pombe. Saa hizi anauliza mtungi uko wapi."

Akacheka, na mimi nikacheka huku nafuta machozi. Kisha akasema taratibu, "Ungenyamaza nisingejua kamwe, mwanangu. Nakuja Jumamosi kuchukua udongo wenyewe. Nakuja na watoto wangu, uwaonyeshe nyumba zote unazozijua."

Leo nimefyeka njia ya kupanda kwenye hame la juu, Neema mgongoni. Ni kweli, ukisimama pale unaona ng'ambo yote. Watakuja watu saba, Shangazi. Tangu matanga yako sijapikia watu wengi hivyo. Nimeazima sufuria kubwa kwa jirani, na migomba yangu mipya imeanza kuzaa. Mkungu wa kukata nimeshauchagua.

Pumzika, shangazi yangu.

Mimi mtoto wa kaka yako,
Mama Neema