Diwani wa Uswidi Jikoni Buffalo

Yaya Furaha, wasalimie wote hapo Malmö.

Harusi ya binamu yetu hapa Buffalo, Marekani, ilipendeza, ila mimi roho iko juu. Wamama wa kanisa walinitandikia vitenge mpaka kiti cha mbele, eti mheshimiwa diwani wa Uswidi amefika. Bon, huko kwetu Malmö kila diwani huosha kikombe chake, basi nilipomaliza kula nikaingia jikoni kusugua sufuria za sombe ya majani ya muhogo. Shangazi akanivuta kando: "Mutoto wangu, sema kweli, balikufukuza kazi?"

Nilicheka, nikarudi kwenye sufuria. Uchaguzi wa madiwani ni Jumapili, Yaya, nami nagombea tena. Kadi hii ya posta itakufikia kura zimeshahesabiwa. Nibusie watoto. Utakapoisoma, utajua kama shangazi alikosea, ao aliwahi tu kuuliza.

Mdogo wako, Neema