Nilivyomtunza Mwimbaji wa Kizungu

Zuhura, mjukuu wangu,

Salamu nyingi kutoka Kenton. Babu yako hajambo, ila goti linamsumbua na dawa hataki.

Umeniuliza utajuaje kama nyimbo zako zimewaingia watu, nao wamekaa kimya kama wako msibani.

Miaka ya tisini, nilipokuwa bado mgeni hapa London, nilimsindikiza bibi mmoja wa Kizungu niliyekuwa nikimhudumia kwenda kusikiliza mashairi ya Kiingereza yaliyotiwa muziki, yakiimbwa mfululizo kwa piano. Wimbo mmoja ulimhusu mama aliyeachwa peke yake. Nikamkumbuka mama yangu kule Pemba. Basi nikainuka, nikaenda mbele kwa madaha kama kwenye taarabu ya kwetu, nikamtunza mwimbaji noti ya pauni tano. Ukumbi mzima uliganda! Yeye akaikunja noti kiganjani, akaendelea kuimba hadi mwisho.

Baadaye akanifuata mlangoni. "Siku zote narudi nyumbani sijui wimbo umemwingia nani," akaniambia. "Leo najua."

Kwa hiyo wewe imba tu, mwanangu. Katika kimya hicho yupo mtu ameshatia mkono kwenye pochi, anaona haya kuinuka.

Bibi yako anayekuombea sauti,
Maryam